Metallica na albamu ya kurudi: wasikilizaji walinunua, kisha wakasema sauti imepondwa

Tarehe 12 mwezi wa kenda mwaka wa 2008, kundi la Metallica la Marekani lilitoa albamu yenye jina Death Magnetic. Ndani ya siku tatu tu nakala 490,000 zilikuwa zimenunuliwa Marekani, na albamu ikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza ya orodha ya Billboard. Kwa kampuni inayouza diski, ukifika hapo kazi imeisha, watu wanafungua chupa. Lakini muda kidogo tu kisha hapo, maelfu ya watu walikuwa wanatia sahihi kwenye barua ya wazi kuomba nyimbo zile zirudishwe studio, zichanganywe upya. Sahihi zikapita 10,000.

Cha ajabu, wengi wao hawakusema nyimbo ni mbaya. Walisema kinyume: nyimbo ni nzuri, kundi limerudi, ila sauti imepondwa.

Mtu ambaye hajazoea hevi metali anaweza kucheka. Ni muziki wa gita za umeme zinazonguruma, na ngoma zinazopigwa mbio kama mvua ya mawe juu ya mabati. Wapenzi wa muziki kama huo, wao tena, ndio wanalalamika makelele? Ndiyo, ni wao. Na hawakuwa watu wa kupenda kusema tu. Malalamiko yao yaligusa jambo ambalo kila mtu anayesikiliza radio, simu ao bafle ya jirani analijua kwa masikio yake, hata kama hajui linaitwa namna gani.

Walikuwa wanarudi kutoka wapi

Metallica lilianzishwa Los Angeles mwaka wa 1981 na James Hetfield, mwimbaji na mpiga gita, pamoja na Lars Ulrich, mpiga ngoma mzaliwa wa Denmark. Kati ya 1983 na 1988 walitoa albamu nne za nyimbo ndefu na za mbio zilizowapa heshima mpaka leo. Mwaka wa 1986, wakiwa safarini Sweden, basi lao lilipinduka na mpiga besi Cliff Burton akafa akiwa na miaka 24 tu. Jason Newsted akachukua nafasi yake, kazi ikaendelea. Albamu ya 1991, ile yenye jalada jeusi, ndiyo iliwatoa kwenye kundi la wapenzi wachache ikawapeleka kila nyumba: Marekani peke yake ilipita nakala milioni 16.

Na wasikilizaji wa Metallica wana historia ndefu ya kulalamikia sauti. Ile albamu ya 1988, ...And Justice for All, besi ya Newsted karibu haisikiki. Mtu alipiga gita nyimbo nzima, kisha studio wakamzima. Washabiki hawakusahau, miaka mingi baadaye wengine walikaa kwenye kompyuta zao wakatengeneza nakala ambazo besi imeongezwa.

Kisha ugomvi ukawa wa aina nyingine. Mwaka wa 2000 kundi lilishitaki Napster, programu ambayo watu walikuwa wanagawana nyimbo bila kulipa, na wakapeleka orodha ya majina zaidi ya 300,000 ya watu waliokuwa wanatumia. Kisheria walikuwa wanalinda jasho lao, hilo halina mjadala mrefu. Lakini shabiki gani atafurahi kuona jina lake limeandikwa ku orodha ya wezi, na aliyeipeleka ni mwanamuziki aliyempenda tangu utoto? Kile kidonda hakikupona haraka.

Mwaka wa 2001 Newsted akaondoka, na Hetfield akaenda kutibiwa ulevi. Filamu ya Some Kind of Monster, iliyotoka 2004, inaonyesha wanaume hawa wakigombana mbele ya mshauri waliyemlipa ili awapatanishe. Katika hali ile ndiyo walirekodi St. Anger, ya mwaka wa 2003. Hakuna hata solo moja ya gita, na ile ngoma ndogo ya mbele ya mpigaji ilifunguliwa nyaya zake za chini, ikawa inalia kama bidoni tupu. Watu walikasirika mpaka wengine wakairekodi albamu nzima upya wao wenyewe, na ngoma ya kawaida.

Kwa hiyo, 2008 haukuwa mwaka wa kutoa diski tu. Walikuwa wanajaribu kurudi nyumbani. Walimwacha Bob Rock, mtayarishaji waliyefanya naye kazi tangu albamu ya jalada jeusi, wakamchukua Rick Rubin. Rubin aliwaambia wafikiri kama vijana wale wa wakati wa Master of Puppets, ya mwaka wa 1986. Kirk Hammett akapewa tena ruhusa ya kupiga solo. Mpiga besi mpya, Robert Trujillo, akarekodi nao albamu kwa mara ya kwanza. Nyimbo kumi, karibu dakika 75. Waliokuwa wanangojea walipata walichoomba, na magazeti mengi ya muziki yaliisifu.

Sebene isiyo na mwanzo

Ili kuelewa nini kiliharibika, chukua wimbo wowote wa rumba ya Kongo. Unaanza polepole, mwimbaji anabembeleza, gita zinajibizana chini chini. Kisha sebene inaingia, ngoma inapanda, atalaku anaita, na waliokuwa wamekaa wanasimama. Kinachowasimamisha si nguvu ya sebene peke yake. Ni ule umbali kati ya upole wa mwanzo na moto wa mwisho.

Sasa fikiria mtu wa studio anachukua ile sehemu ya polepole, anaipandisha mpaka ilingane na sebene. Sebene yenyewe haiwezi kupanda tena, imeshagusa dari. Wimbo mzima unabaki na kimo kimoja. Hakuna neno lililofutwa, hakuna gita iliyotolewa, lakini ile saa ya kusimama haifiki tena.

Dari hiyo ni ya kweli, si mfano. Kwenye CD sauti inaandikwa kwa namba, mara 44,100 kila sekunde, na kuna namba ya juu kabisa ambayo haiwezekani kuipita. Ukisukuma zaidi, kichwa cha wimbi la sauti kinakatwa, na masikio yanapokea mkwaruzo. Teknisie yeyote wa radio anaijua: ni pale taa nyekundu ya konsoli inakataa kuzimika, na sauti ya mtangazaji inaanza kupasuka.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu wanachanganya kila siku. Kuongeza sauti kwa kitufe ni kazi ya msikilizaji, akichoka, anapunguza. Kubana sauti ndani ya diski ni kazi ya studio, na msikilizaji hana kitufe cha kuirudisha. Ukipunguza wimbo ambao mawimbi yake yalikatwa, unapata mkwaruzo mdogo. Lakini ni mkwaruzo tu.

Juu gani studio wanafanya hivyo? Sababu ni sikio lenyewe. Ukimsikilizisha mtu nyimbo mbili haraka haraka, ile iliyo juu kidogo itamwonekea kuwa nzuri zaidi, hata kama ni wimbo ule ule. Vituo vya FM vinajua siri hiyo tangu zamani: wakati mtu anazungusha kitufe kutafuta kituo, anasimama kwa yule anayesikika kwa nguvu. Kuanzia miaka ya 90, kampuni za diski nazo ziliingia katika mashindano hayo. Kila mmoja alisukuma kidogo ili wimbo wake usiwe dhaifu pembeni ya wimbo wa mwenzake, na mwenzake akasukuma tena. Mwishowe wote waligonga dari, na hakuna aliyebaki mbele.

Death Magnetic haikuwa ya kwanza kufanya hivyo. Ila ilienda mbali kuliko nyingi. Kuna kipimo ambacho wapenzi wa sauti wanatumia kulinganisha vilele vya wimbo na wastani wake. Diski za kwanza za albamu za Metallica za miaka ya 80 zinapita 10. Hii ilipata 3.

Mchezo wa watoto ulioleta ushahidi

Kwa kawaida lalamiko kama hili linakufa haraka. Msikilizaji anasema sauti ni mbaya, mwenye diski anamjibu kuwa ni masikio yake, ao ni bafle yake ya bei rahisi, na hakuna mwamuzi. Safari hii mwamuzi alipatikana mahali ambapo hakuna aliyemtafuta: katika mchezo wa video.

Mchezo huo ni Guitar Hero III. Mchezaji anashika gita ya plastiki, anabonyeza vitufe vya rangi kufuatana na wimbo. Akikosea, gita inanyamaza lakini ngoma na sauti zinaendelea. Ili hilo liwezekane, watengenezaji wa mchezo wanahitaji kila chombo kivyake. Kwa hiyo Metallica iliwapa nyimbo za Death Magnetic zikiwa bado hazijapita kwenye hatua ya mwisho ya kubanwa. Albamu nzima iliwekwa kwenye mchezo wakati ule ule ilipofika madukani.

Haikuchukua siku nyingi. Wasikilizaji waliitoa sauti kutoka kwa mchezo, wakaifungua kwenye kompyuta pembeni ya sauti ya CD. Picha moja ilikuwa na vilele na mabonde, kama vilima vya Masisi ukiviangalia kutoka mbali. Ile nyingine ilikuwa tofali. Fundi wa sauti wa Uingereza, Ian Shepherd, aliandika juu ya tofauti hiyo, kisha magazeti makubwa kama The Guardian na Wall Street Journal yakaichukua.

Kuanzia hapo mjadala haukuwa tena wa ladha. Wimbo ni ule ule, mkono uliopiga ni ule ule, siku ya kurekodi ni ile ile. Mtu yeyote mwenye masikio aliweza kusikiliza nakala mbili na kujua ni wapi ngoma ya Ulrich inapiga kweli na wapi inasikika kama mtu anagonga karatasi. Katika miaka yote ya watu kugombana juu ya sauti za diski, hilo halikuwa limetokea kwa ukubwa namna hiyo.

Kisha kuna kitu ambacho kingechekesha kama hakingekuwa cha kusikitisha. Nakala zile za mchezo zilianza kuzunguka ku intaneti bure, mtu kwa mtu. Metallica, kundi lililopeleka orodha ya wagawanaji kwa Napster, likajikuta na washabiki waliolipa CD kihalali, halafu wakaenda kutafuta ya magendo kwa sababu ya magendo ndiyo ilikuwa nzima.

Majibu ya wenyewe

Wa kwanza kuguswa alikuwa Ted Jensen, fundi wa New York aliyefanya hatua ya mwisho, ile ya kuandaa diski kwa kiwanda. Washabiki walianza kumnyooshea kidole. Shabiki mmoja akamwandikia, naye akajibu: sauti ilikuwa imeshabanwa mbele ya kufika mikononi mwake, na kazi hiyo si ya kumpa fahari. Barua ilikuwa ya mtu na mtu, lakini ikaanikwa mbele ya dunia. Ni jibu lenye uzito, maana mafundi wa aina yake hawana desturi ya kusema vibaya kazi ya wateja wao.

Ulrich alichukua njia nyingine. Alisema kuwa yeye ameisikiliza albamu ndani ya gari lake na inasikika vizuri sana. Wengi walimcheka, na hawakumtendea haki kabisa. Ndani ya gari, mlio wa mashini unafunika sehemu zote za chini za wimbo, kwa hiyo muziki uliobanwa ndio unashinda. Ni vile vile kwa radio ndogo ya betri katika soko, ao kwa simu iliyowekwa ndani ya kikombe wakati groupe ya umeme inanguruma nje. Kubana sauti si dhambi. Kila radio inabana kidogo ili msikilizaji wa mbali apate kusikia. Tatizo ni pale diski, ambayo inatakiwa kuwa asili ambayo nakala zingine zote zinatoka, inatengenezwa kama vile kila mtu atasikiliza ndani ya gari la Lars Ulrich.

Upande wa usimamizi wa kundi, jibu lilikuwa kwamba watu kwa jumla wameipokea vizuri. Hilo ni kweli, na mauzo yanaonyesha. Lakini si jibu kwa swali lililoulizwa. Aliyenunua ananunua mbele ya kusikiliza. Pesa yake inaonyesha alilitumainia kundi, haionyeshi kama aliridhika na sauti. Ku mashariki ya Kongo kila mnunuzi wa betri ao wa mafuta anajua tofauti hiyo.

Hawakuwa na neno moja

Ingekuwa uongo kusema wasikilizaji wote walikuwa upande mmoja. Wapo ambao hawakusikia shida yoyote, na hawakuwa viziwi: walisikiliza kwa vidude vidogo vya masikio wakiwa njiani, wakafurahia solo za Hammett kurudi, basi. Wapo waliosema hevi metali inatakiwa kuchoma, na aliyetaka upole akasikilize kitu kingine. Wazee wa miaka ya 80 walikuwa na yao: kwao, hata kama sauti ingekuwa safi, vijana wa Master of Puppets hawawezi kurudi wakiwa na miaka zaidi ya arobaini. Na wengine, tusifiche, walikuwa wangali na hasira ya Napster, wakaona wamepata nafasi.

Hata walioshika picha za mawimbi, wengine walizidisha. Kulikuwa na waliosema albamu haisikilizwi kabisa, eti inaumiza kichwa kuanzia wimbo wa kwanza. Nyimbo zilizopigwa ku stadi mbele ya maelfu ya watu na kuimbwa neno kwa neno haziwezi kuwa hazisikilizwi. My Apocalypse, wimbo wa mwisho wa albamu, ulipata tuzo ya Grammy mwaka wa 2009. Ila ukweli mwingine ni kwamba hakuna aliyetoa hoja yenye nguvu kusema nakala ya CD ilikuwa bora kuliko ile ya mchezo. Waliotetea CD walisema inatosha. Hakuna waliosema inashinda.

Na hapo ndipo malalamiko haya yanapotofautiana na yale ya St. Anger. Mwaka wa 2003 kundi lilichagua ile ngoma ya bidoni kwa makusudi, likasema hiyo ndiyo sauti yetu. Unapenda ao hupendi, ni kazi ya msanii. Mwaka wa 2008 kilichokatwa kilikuwa ni kitu ambacho kundi lenyewe lilikuwa limekipiga. Wasikilizaji hawakuwa wanamwambia Hetfield atunge namna gani. Walikuwa wanamdai alichokwisha kutunga.

Baada ya hapo

Ombi la waliotia sahihi halikukubaliwa. CD iliendelea kuuzwa vile ilivyo. Lakini Death Magnetic ikawa mfano unaotajwa kila mara watu wanapogombana juu ya mashindano ya kubana sauti, hata na wale ambao hawasikilizi hevi metali. Mwaka wa 2010 umoja wa radio na televisheni za taifa za Ulaya ulitoa maelekezo ya kupima sauti kwa wastani inavyosikika, si kwa kilele chake tena. Mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria ya kukataza matangazo ya biashara ya televisheni kupiga kelele kuliko kipindi chenyewe. Haikuwa kwa sababu ya Metallica. Watu walikuwa wamechoka tangu zamani.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni mitandao ya kusikilizia muziki. Spotify na YouTube zinapima kila wimbo, na ule uliosukumwa sana zinaushusha zenyewe ili ulingane na mingine. Msukumo wote wa studio unakuwa kazi bure: wimbo unashushwa, na kilele kilichokatwa hakirudi. Metallica wenyewe, walipotoa Hardwired... to Self-Destruct mwezi wa kumi na moja 2016, waliacha nafasi kidogo zaidi kati ya chini na juu, ingawa bado si kama zamani.

Mtu mwenye simu na megabaiti chache anaweza kujaribu mwenyewe. Aweke wimbo mmoja wa Master of Puppets, kisha mmoja wa Death Magnetic, bila kugusa kitufe cha sauti. Ngoma zitakazoruka kutoka kwa bafle ni zile za 1986.